Ombudsman si hakimu, wala si msuluhishi

Juzi jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinijia na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na barua, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: "Namwomba Ombudsman aiamuru ofisi husika inilipe mapunjo yangu ya pensheni." Miaka miwili anaambiwa njoo kesho. Nikaweka kidole kwenye "aiamuru". Hata redioni naisikia hivyo mara kwa mara: ombudsman ameamuru, ombudsman amehukumu.

Kwa ufupi, ombudsman ni ofisi huru ya umma inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya vyombo vya serikali, inayachunguza bila malipo na kutoa mapendekezo, si amri.

Neno ni la Kiswidi. Ombud ni mtu aliyepewa idhini ya kutenda kwa niaba ya mwingine, yaani wakili au mjumbe. Mpaka leo huko Uswidi hata mtumishi wa chama cha wafanyakazi huitwa ombudsman. Mwaka 1713 Mfalme Karl XII, akiwa bado ugenini kwa Waturuki baada ya kupigwa na Warusi pale Poltava, aliteua ombudsman mkuu wa kuwaangalia maofisa waliobaki nyumbani. Huyo alikuwa jicho la mfalme. Katiba ya 1809 ikalipatia Bunge ombudsman wake, wa kuangalia kama maofisa na mahakimu wanafuata sheria. Ndiyo maana mimi nikisikia neno hili huuliza kwanza: huyu katumwa na nani?

Tanzania ilitangulia Afrika nzima kuwa na ofisi ya namna hii. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilianza kazi 1966, na taarifa zake zilikwenda kwa Rais. Mjumbe wa Rais, basi. Mwaka 2001 ikaja sheria ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyorithi kazi hiyo. Tume hii inaweza kumwita ofisa ajieleze, kudai jalada, hata kuanza uchunguzi bila kusubiri mlalamikaji. Shauri lililoko mahakamani hailigusi. Pendekezo lake likipuuzwa, sheria inairuhusu kwenda mahakamani, na huko anayeamuru ni hakimu.

Lakini tafsiri ya ombudsman inayonikera kuliko zote ni "msuluhishi". Kwenye migogoro ya bima sina ugomvi nayo, maana pale kuna mteja na kampuni, na wanaweza kukutana katikati. Suluhu ni ya wawili: huyu alegeze kidogo, na yule alegeze kidogo. Sasa mwalimu aliyepunjwa pensheni alegeze nini? Akubali nusu ya haki yake ili ofisa asione aibu? Ombudsman haketi katikati yao. Anafungua jalada, anatazama tarehe, hesabu na sahihi, kisha anasema wazi ni nani aliyekosea na nini kirekebishwe. Wala si wakili wa mlalamikaji. Akikuta ofisi ilifuata sheria, atasema hivyo hivyo.

"Kwa hiyo mwanangu, niandikeje?" akaniuliza mwalimu.

Tukafuta neno moja. Barua sasa inamwomba achunguze kwa nini malipo hayajafanyika tangu tarehe ya barua ya kwanza, na nakala za barua zote nne zimebanwa nyuma yake kwa pini.