Saa nane ya usiku huamka nani?

Nimeambiwa tena. Safari hii ni kaka mtu, kashuka na boti kutoka Unguja, kakaa barazani upande wa Micheweni, hapa Pemba, kanzu ina pasi, akalitazama daftari langu: "Dada, haya ya mwenye kuuguza kuugua roho ni ya Ulaya, huko mtu anakoishi peke yake. Sisi tuna ukoo. Mama hapa anauguzwa na watu thalathini."

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na maneno hayo nayajua kama njia ya kwetu. Nikamwuliza ninalouliza siku zote: saa nane ya usiku huamka nani? Akacheka. Nikangoja. Ndani alikuwemo dada yake, wa miaka arubaini hivi, anamgeuza mama yao aliyepigwa na kiharusi. Huamka yeye.

Ukoo upo, sibishi. Hesabu ndiyo mbovu. Hao thalathini huja kumkagua mgonjwa. Wanakaa, wanamwombea dua, wanaacha machungwa au elfu mbili chini ya mto. Kisha chai. Hakuna anayeiomba, lakini tangu lini mgeni akakaa kavu? Siku hiyo, baina ya alasiri na magharibi, yule dada aliteleka birika mara nne, na katikati yake akambadilisha mama pampasi, akafua shuka, akapokea mawaidha mawili juu ya uzito wa uji. Bibi mmoja alimwambia mgonjwa kalazwa vibaya. Hakuinuka kumlaza vizuri. Nyie mnahesabu watu; aliye jikoni anahesabu vikombe.

Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asifanye vidonda. Hilo mnalijua, sitalirefusha. Lipigieni hesabu tu kuanzia isha hadi alfajiri.

Linaloniudhi zaidi liko kwetu wenyewe, watu wa kazi hii. Tunalo dodoso la PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27, na ukifika 10 tunaanza kuizungumza sonona, ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa. Mpe mwenye kuuguza. Usingizi mbovu, 3. Uchovu, 3. Hamu ya chakula, 2. Akili haitulii, 2. Kumi hizo, na huyo mtu hana huzuni wala hajakata tamaa. Hajalala! Ukimwandikia vidonge vya sonona hapo umeutibu usiku wa mama yake.

Sasa chukua dodoso la Zarit, maswali 22, lililotungwa Marekani kupima mzigo wa wanaouguza. Mna swali la kama unatamani kumwachia mtu mwingine kazi hii. Haya, muulize mwanamke wa Kipemba, na mama yake yuko nyuma ya pazia anasikia. "Hata! Astaghfirullah." Sufuri. Angejibu vipi? Kusema ndiyo ni kuchezea radhi. Basi karatasi moja inasema anaumwa, ya pili inasema hana mzigo wowote, na sisi tunazitia zote mbili kwenye faili.

Siku hizi mimi natazama ukili, ule mkanda wa ukindu unaosukwa kwa ajili ya mikeka. Wengi wa wanaouguza huku husuka wakiwa wamekaa na mgonjwa, vidole vinakwenda macho yakiwa kwingine. Yupo mmoja, kwingine kabisa, ambaye nilimkuta na pindi la ukili wa rangi mbili, zambarau na kijani. Mwezi uliofuata pindi lilikuwa lile lile, ukindu umekauka ndani ya pakacha. Nikamwambia, muda hupati, mama. Akasema, "Muda ninao. Mikono haitaki." Nikamwandika kuwa kachoka. Ilinichukua miezi miwili kukubali kwamba ile ilikuwa sonona, tena kali. Mchovu ukimpa siku tatu za kulala vizuri huurudia ukili wake. Mwenye sonona hulala akaamka vile vile. Kanuni hii ni yangu, hakuna chuo kilichonifundisha, na sidai kuwa haikosei.

Na ile asilimia 63 tunayoizungusha kwenye kila semina? Ni utafiti wa Marekani wa 1999, juu ya wazee waliowauguza wake au waume zao. Waliokuwa na dhiki ndio hatari yao ya kufa ndani ya miaka minne ilizidi hivyo. Waliouguza bila dhiki hawakuonekana kuwazidi wengine. Nusu hii ya pili tunaikata. Mwaka 2013 ukatoka mwingine, huko huko, ambao wenye kuuguza walikufa kidogo kuliko wasiouguza, kwa asilimia 18. Huenda wanaobaki kuuguza ni wale wenye nguvu tangu mwanzo. Huenda pia kazi yenyewe inampa mtu sababu ya kuamka. Nimewaona waliosimamishwa kwelikweli na thawabu, na nimewaona wanaolimeza neno hilo hilo kama mwiba wa changu. Siku ya kwanza wote wananijibu "alhamdulillahi," na siwezi kuwatofautisha.

Pensheni Jamii ya serikali ya Zanzibar, tangu 2016, ni ya mzee aliyefika miaka 70. Binti anayemgeuza anaandikwa "hana kazi".

Narudi kwa kaka mtu. Ukili wa dada yake ulikuwa bado unakwenda, polepole, kwa hiyo nilichotaka kwanza ni usingizi. Nikamwambia zamu mbili za usiku ni zako, muda wote utakaokuwepo. Akasema yeye mwanamume, atamgeuzaje mama? Stara ni jambo, sikumbishia. Basi wageni, nikamwambia. Dada yako alale toka adhuhuri hadi alasiri, na chai uteleke wewe, si mkeo.

Akaingia jikoni na kanzu yake. Nilikuwa navaa viatu nilipomsikia akiuliza kwa sauti sukari inakaa wapi. Aliyemjibu ni dada yake, kutoka kitandani.