Mchanga wa Shela hauleti bili

Dhana: Milima ya mchanga ya Shela, kisiwani Lamu, ni ardhi iliyokaa bure, inasubiri mwekezaji.

Ukweli: Haikukaa bure hata siku moja. Mvua ikinyesha, mchanga ule huinywa na kuichuja, kisha maji matamu hukusanyika chini yakielea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mji wa Lamu hunywa kutoka visima vya Shela. Jenga juu yake, mvua haipenyi tena na uchafu wa vyoo unavifuata visima. Vuta maji kwa pupa, chumvi inapanda, na ikishapanda haishuki upesi. Mbadala ni mtambo wa kuondoa chumvi: una bei ya kununuliwa, umeme wa kila siku na vichujio vya kubadilishwa. Mchanga hauleti bili, basi mtu wa hesabu huuandikia sifuri. Kisha tunaambiwa hoteli itakayojengwa juu yake ina faida!

Dhana: Mikoko ni habari ya wanamazingira, mhandisi haimhusu.

Ukweli: Kule Vietnam, takriban hekta 12,000 za mikoko zilipandwa na kutunzwa kwa dola milioni 1.1, na matengenezo ya kuta za pwani yakapungua kwa dola milioni 7.3 kwa mwaka. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, nasi bado tunaihesabu kwa boriti.

Dhana: Bara wakikata miti, pwani haitudhuru.

Ukweli: Muulize Mmalindi, mvua zikishika, bahari yake huwa ya rangi gani. Udongo unaomomonyoka huko juu huteremka na mto Sabaki. Hesabu iliyofanywa mwaka 2015 kwa mto Tana ilionyesha kuwa dola milioni 10 zikitumika kuhifadhi udongo kwenye mashamba ya juu, zingeleta manufaa ya dola milioni 21.5 kwa miaka 30, kwa wakulima wenyewe na kwa mabwawa na mitambo ya maji inayopokea tope pungufu.

Dhana: Bahari haina mwenyewe, ukiiharibu hakuna wa kukudai.

Ukweli: Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi wa bandari.

Dhana: Basi tupande mikoko kila mahali, saruji tuitupe.

Ukweli: Hapana. Meli ya makontena inataka gati. Na mche uliochomekwa penye mawimbi makali, au wa aina isiyofaa kina kile, hung'oka kabla ya bamvua, yaani maji makuu ya bahari, kupita mara nyingi. Picha za wakubwa wakipanda zinabaki. Dawa iko kwenye mkataba: mkandarasi alipwe kwa miche iliyo hai baada ya miaka kadhaa, si kwa idadi iliyopandwa siku ya sherehe, na fungu la matunzo liwekwe tangu mwanzo, pamoja na la saruji.