Amoeba: mfumo endeshi uliofanya kompyuta nyingi zionekane moja

Mifumo endeshi mingi tuliyoizoea, yaani programu kuu zinazosimamia kompyuta, ilibuniwa kwa ajili ya mashine moja, na mambo ya mtandao yakaongezwa baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Andrew Tanenbaum na wenzake wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam, Uholanzi, walianzia upande wa pili: waliuchukua mtandao wenyewe kuwa ndio kompyuta. Mfumo wao wa majaribio waliuita Amoeba.

Shabaha yao ya kwanza ilikuwa kumwondolea mtumiaji haja ya kujua kazi yake inafanyika wapi. Hakuingia katika mashine fulani, bali katika mfumo mzima. Kifaa cha mezani kilishughulikia hasa skrini na kibodi, ilhali kazi nzito zilipelekwa kwenye kundi la prosesa (vipande vya kompyuta vinavyofanya hesabu) zisizo mali ya mtu yeyote. Aliyetaka kutafsiri programu yenye mafaili mengi kwenda lugha ya mashine aliweza kupewa prosesa kadhaa kwa mara moja, na kazi ilipokwisha zikarudi kundini kumngoja mwingine. Ndivyo zilivyo bodaboda za kijiweni: abiria hatafuti iliyo yake, hupanda iliyo tupu.

Kwa maoni yangu, hazina kubwa ya Amoeba imo katika ulinzi wake. Kila kitu, liwe faili au programu inayoendeshwa, kilifikiwa kwa tiketi ya biti 128 (tarakimu 128 za 0 au 1), ambayo ilitaja seva inayohusika (programu inayotoa huduma), kitu chenyewe na, katika biti 8, haki alizopewa mwenye tiketi. Biti 48 zilitengwa kwa alama ya kuzuia kughushi. Seva haikuhitaji kujua anayeomba ni nani, kwa kuwa iliikagua tiketi tu. Mtu aliyepewa tiketi ya kusoma akijaribu kuigeuza iwe ya kuandika, haki hizo mpya hazikulingana na alama, na ombi likakataliwa.

Seva ya mafaili, iliyoitwa Bullet, ilipendelea kasi. Faili likishaundwa halikubadilishwa tena. Aliyetaka mabadiliko aliunda jipya. Kwa kuwa kila faili lilikaa mahali pamoja kwenye diski bila kukatwa vipande, lilisomwa lote kwa mkupuo, ingawa gharama yake ilikuwa nafasi iliyopotea, na faili kubwa kuliko kumbukumbu ya seva halikuwa na pa kukaa.

Amoeba ilitumika zaidi katika utafiti, hasa wa programu zinazogawa hesabu moja kwa prosesa nyingi, na lugha ya programu ya Orca ilibuniwa kwa kazi hiyo. Zao lake linalojulikana zaidi halikupangwa. Guido van Rossum, aliyefanya kazi kwenye Amoeba katika CWI, taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta mjini Amsterdam, aliona kwamba kuandika programu ndogo za kuuhudumia mfumo kwa lugha ya C kulichukua muda mrefu mno, na lugha za maagizo (zile za kuandikia mfumo endeshi amri) za wakati ule hazikuufikia mfumo huo vizuri. Katika likizo ya Krismasi ya mwaka 1989 akaanza kuandika lugha nyingine, akaiita Python.