Zilipendwa za nani? Dhana potofu kuhusu ladha ya muziki na umri

Tulikuwa njiani tukirudi Dar es Salaam kutoka msibani Morogoro, mpwa wangu wa miaka 17 akachukua simu yangu achague nyimbo. Akapekua, akapekua, kisha akaguna: "Anko, huna kitu kingine zaidi ya hizi zilipendwa?" Nikadhani ameangukia kwa Mbaraka Mwinshehe. Kumbe anatazama Bongo Fleva ya 2003! Nyimbo ambazo marehemu baba aliziita kelele za wahuni, leo zimetiwa kapu moja na za kwake.

Neno lenyewe lina mtego. Zilipendwa, au zilizopendwa kama wasemavyo Kenya, linatuambia kupenda kulikwisha pita, lakini halisemi nani alipenda.

"Muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe, wa siku hizi ni kelele"

Hii kila kizazi huisema kwa zamu, tena kwa uhakika ule ule. Wazee waliisema kuhusu Bongo Fleva, na sasa sisi tuliokulia kwenye Bongo Fleva tunaisema kuhusu singeli, muziki wa kasi wa vijana wa Dar.

Kuna ungo hapa ambao watu hawauoni. Miaka ya 1970 bendi za dansi zilikuwa tele: polisi walikuwa na yao, chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Nyimbo zilirekodiwa kwa wingi Radio Tanzania, na si zote zilikuwa tamu. Zinazopigwa Jumapili mchana leo ni zile zilizovuka nusu karne. Zilizochosha hakuna mtangazaji anayezitafuta. Kwa hiyo tunalinganisha mchele uliokwisha kupetwa na mpunga uliotoka shambani asubuhi hii, halafu tunalalamikia makapi.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Mtu mzima ukimwomba asimulie maisha yake, matukio mengi humjia kutoka kwenye umri wa miaka 10 hadi 30 hivi. Ndiko kuliko na mapenzi ya kwanza, mshahara wa kwanza, chumba cha kwanza cha kupanga, na nyimbo za wakati huo zimegandia humo. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Holbrook na Schindler, waliwasikilizisha watu 108, wa miaka 16 hadi 86, vipande vya nyimbo 28 zilizovuma kati ya 1932 na 1986. Kwa wastani, watu walizipenda zaidi nyimbo zilizotamba walipokuwa na miaka kama 23 au 24. Hakukuwa na mwaka mmoja wa dhahabu wa wote. Basi babu akikuambia hakuna muziki kama wa 1974, kabla ya kubishana muulize alizaliwa lini.

Tena si za ujana wetu tu. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2013, ulikuta vijana wa miaka 20 hivi wana mapenzi ya pekee na nyimbo za ujana wa wazazi wao. Sishangai. Franco, yule wa rumba ya Kongo, alifariki 1989, na nawajua vijana waliozaliwa miaka kumi baadaye wanaomwimba mstari kwa mstari, kwa sababu redio ya nyumbani ilikuwa ya baba na kitufe chake hakikuguswa.

"Ukifika thelathini, ladha imeshaganda"

Hapa watu wameuchukua ule utafiti wa 1989 wakauvuta mpaka ukachanika. Kupenda sana nyimbo za ujana hakumaanishi mlango umefungwa. Mwaka 2013 zilichapishwa takwimu za zaidi ya watu robo milioni wa rika mbalimbali, na mwelekeo wake ni huu: muziki mzito wa fujo hupendwa sana na vijana kisha hupungua kadiri umri unavyosogea, na ule mtulivu au wenye mafundo mengi hupanda. Kinachopungua kwa watu wazima ni nafasi ya muziki maishani. Kijana wa miaka 17 anautumia kusema yeye ni nani na yuko kundi gani. Wa miaka 40 ana ada za shule.

Mimi mfano wangu ni taarabu. Nikiwa kidato cha sita, mama akiiweka nilikuwa natoka nje. Ukumbini ndiyo kabisa, sikuelewa kwa nini wanawake wazima wananyanyuka mmoja mmoja na noti mkononi, wanakwenda kumtunza mwimbaji huku wakimtupia jicho mtu wa meza ya pili. Nikaja kuoa, tukapanga nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja, jiko moja na bomba moja. Siku moja jirani akafungulia wimbo mmoja kwa sauti ya juu, akaurudia mara tatu, mke wangu akaacha kuosha vyombo. Nikaelewa kila neno. Wimbo ulikuwa ule ule wa mama. Mafumbo ya taarabu yanataka mtu aliyekwisha kusengenywa, na kijana wa miaka 18 bado hajasengenywa vya kutosha.

"Muziki uko kwenye damu"

Uko kwenye masikio, tena yanaanza kazi mapema. Mwaka 1988 mtafiti wa Belfast, Peter Hepper, alieleza kuwa vichanga ambao mama zao walifuatilia tamthilia moja ya televisheni wakati wa ujauzito walitulia waliposikia wimbo wake. Hiyo ni mazoea. Na mwaka 2016 watafiti waliokwenda kwa Watsimane, wenyeji wa msitu wa Bolivia, walikuta kwamba sauti zinazopatana na zile zinazokwaruzana, ambazo masikio ya Wazungu huzitenga mara moja, kwao zinapendeza sawasawa.

Pwani yetu ushahidi uko wazi zaidi. Juma Bhalo wa Mombasa aliimba mashairi ya Kiswahili juu ya tuni za filamu za Kihindi, na watu wakakua nazo hadi zikawa zao. Hakuna aliyezaliwa na Bombay kwenye damu.

"Usipoijua lugha, hutaupenda wimbo"

Hebu nenda harusini, subiri rumba ianze, kisha uhesabu wanaoimba Kilingala na wanaokijua. Kilingala chenyewe kilipandishwa juu ya muziki uliotoka Cuba kwa santuri, miaka ya 1930 na kuendelea, na Wakongo wengi waliozinunua hawakujua Kihispania.

"Wazee hawapendi singeli kwa sababu masikio yamechoka"

Umri huondoa sauti nyembamba za juu, hilo ni kweli, na penye makelele mzee hupata taabu kumsikia anayezungumza naye. Ila singeli inayopiga mapigo 200 na zaidi kwa dakika haiwashindi kwa masikio. Hawajaisikia vya kutosha mahali wanapopapenda, basi. Mimi nimepanda bajaji ya kijana mmoja wa mtaani kwetu kwa miezi minane, na juzi nimejikuta natikisa kichwa. Sijamwambia mpwa wangu.

"Asiyependa muziki ana roho mbaya"

Mwaka 2014 watafiti wa Barcelona walieleza watu wanaofurahia chakula, pesa na mengineyo kama kawaida, wanaosikia vizuri, lakini muziki hauwaamshi chochote. Hukadiriwa kuwa 3 hadi 5 katika kila 100, na si ugonjwa wala kiburi. Nina binamu wa namna hiyo. Kila harusi ya ukoo yupo, hukaa karibu na jiko, na ukimuuliza mbona huchezi, anakwambia amefuata pilau.