Mafao ya jamii: fedha zimeongezeka kwa nani?

Bajeti ikishasomwa, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: je, safari hii serikali imeongeza fedha za mafao ya jamii au imezipunguza? Jumla kuu haiwezi kulijibu. Ndani yake wamo wazee, watoto, wenye ulemavu, wasio na ajira na wafanyakazi wa kipato cha chini, na mara nyingi kundi moja hupanda mwaka ule ule jingine linaposhuka.

Fedha za kundi lolote ni idadi ya wanaolipwa mara kiwango cha kila mmoja. Idadi haina mafumbo: wazee huongezeka kwa kuwa watu wanaishi miaka mingi zaidi, na wasio na ajira huongezeka uchumi ukiyumba. Kinachojificha ni kanuni ya kupandisha viwango. Kuna mafao yanayofuata bei, kuna yanayofuata mishahara, na kuna yanayosubiri uamuzi wa waziri wa fedha. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo watu huumia bila kujua kilichowapata.

Tutazame Uingereza, ambako pensheni ya wazee imelipwa tangu Januari 1909. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, pensheni ya msingi ilipandishwa kwa kufuata bei au mishahara, kutegemea kipi kimepanda zaidi. Mwaka 1980 sheria ikabadilishwa, zikabaki bei peke yake. Hakuna mzee aliyepokea pungufu siku hiyo. Lakini kwa kawaida mishahara hupanda kuliko bei, na pensheni iliyokuwa takriban robo ya wastani wa mshahara mwaka 1979 ikateremka hadi kama sehemu moja ya sita mwanzoni mwa karne hii. Kuanzia 2011 mambo yakageuka: sasa pensheni hupanda kwa kufuata bei, mishahara au asilimia 2.5, ile iliyo kubwa kuliko zote. Ndiyo maana Aprili 2023, mfumuko wa bei ulipokuwa mkali, ilipanda kwa asilimia 10.1.

Walio katika umri wa kufanya kazi walipata kinyume chake. Kuanzia 2013 mafao yao mengi yaliwekewa kikomo cha nyongeza ya asilimia 1 kwa mwaka, na kuanzia Aprili 2016 nyongeza hiyo ikasimamishwa kabisa kwa miaka minne. Linganisha malipo haya ya wiki. Pensheni mpya kamili, ya waliofikia umri wa pensheni kuanzia Aprili 2016, ilikuwa pauni 155.65 mwaka huo, na kufikia Aprili 2019 ilikuwa pauni 168.60. Posho ya asiye na ajira mwenye miaka 25 au zaidi ilikuwa pauni 73.10 mwaka 2015. Mwaka 2019 ilikuwa bado pauni 73.10, huku chakula, umeme na nauli vikiwa vimepanda. Kwangu mimi huko ni kupunguza, ingawa tarakimu haikushuka hata kwa senti moja, na wananchi wana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi.

Piga hesabu mwenyewe. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, kiwango cha 100 kisichoguswa kwa miaka 10 hubaki na uwezo wa kununua vitu vya 61 tu. Kwa hiyo unapolinganisha miaka, ondoa kwanza athari ya bei, kisha gawanya kwa idadi ya wanaolipwa. Ukiishia kwenye jumla, kundi linaloongezeka watu litaonekana linapendelewa hata kama kila mmoja wao anapata kidogo zaidi kuliko zamani.

Tena watu huhama kutoka kundi moja kwenda jingine bila maisha yao kubadilika. Uingereza ilianza mwaka 2010 kupandisha umri wa pensheni wa wanawake, uliokuwa miaka 60. Ulifika 65 Novemba 2018, na 66 kwa wanawake na wanaume Oktoba 2020. Fungu la pensheni likapata nafuu. Wanawake wengi waliendelea na kazi, lakini waliokuwa wagonjwa au wenye ulemavu walibaki kwenye mafao ya ugonjwa kwa miaka ambayo zamani wangekuwa wastaafu. Kwenye jedwali, fungu la ugonjwa na ulemavu likaongezeka. Wanawake ni wale wale, na maradhi ni yale yale.