Mbale za madini adimu: pegmataiti na kabonataiti

Elementi adimu za ardhi ziko 17: lanthanidi 15 (metali zinazofuatana kutoka lanthanamu hadi lutetiamu), pamoja na skandiamu na itriamu. Zimo kidogokidogo katika miamba mingi, na seriamu inakaribiana na shaba kwa wingi. Shida ni kwamba zimetawanyika mno. Hazichimbiki kwa faida mpaka maumbile yazikusanye mahali pamoja, yaani zifanyike mbale.

Hukusanyikaje? Ayoni zake nyingi (yaani atomu zenye chaji) ni kubwa na zina chaji chanya tatu, hivyo hazipati nafasi ndani ya kwatzi wala feldspa, madini makuu ya graniti. Magma inapopoa na madini hayo kuganda, zenyewe hubaki katika ujiuji unaosalia. Ujiuji wa mwisho wa graniti, wenye maji na wakati mwingine florini nyingi, hupenya nyufani na kuganda kuwa pegmataiti, mwamba wa fuwele kubwakubwa. Kwenye machimbo ya pegmataiti ya Ytterby, Sweden, Carl Axel Arrhenius alipata jiwe jeusi mwaka 1787. Uchambuzi wa jiwe hilo ndio uliofungua njia ya kugundua itriamu. Pegmataiti za namna hiyo huwa na zile nzito kati ya elementi adimu, lakini pegmataiti nyingi ni ndogo. Nyingine hazihusiki kabisa: ile ya Manono, Kongo, sifa yake ni lithiamu na bati.

Kwetu Afrika Mashariki, kabonataiti ndiyo ya kutazamwa zaidi. Huu ni mwamba wa moto ambao zaidi ya nusu yake ni madini ya kaboneti, uliotokana na magma ya kina kirefu yenye kaboni dayoksaidi nyingi. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonataiti, ya nyuzi 500 hadi 600 tu za Selsiasi. Ila utajiri uko kwenye kabonataiti za kale zilizokwisha kulika. Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania, maji ya mvua yaliyeyusha kaboneti na kuisomba, bastnazaiti (madini yanayobeba elementi adimu) ikabaki juu, ikiwa na neodimiamu na praseodimiamu, elementi adimu za kutengenezea sumaku za magari ya umeme.

Mrima, Kwale, Kenya, mmomonyoko umefanya kazi hiyohiyo, lakini mwamba wake una thoriamu pia, metali yenye mionzi. Mionzi ya asili pale iko juu, na kila atakayechimba atafukua thoriamu pamoja na mbale. Wanaoishi kandokando wana haki ya kuambiwa itatupwa wapi kabla jembe la kwanza halijashuka.