Je, Kuweka Malengo ni Kukosa Imani?

Wapo Wakristo wasioandika malengo yoyote kwa kuogopa kumtangulia Mungu. Ukiwauliza mwaka huu wamekusudia nini, watakujibu, "Namwachia Bwana," na andiko wanalo: Mathayo 6:34, Yesu anaposema tusisumbukie ya kesho. Wapo na wanaoandika orodha ndefu mwezi wa kwanza, wanaiombea mara moja, na mwaka ukifika katikati hawakumbuki waliiweka wapi. Mimi nimepita kote kuwili. Ndiyo maana swali hili linanigusa: mtu anaweza kupanga na bado akawa anamtegemea Mungu?

Tuanze na neno lenyewe. Kusumbuka si kupanga. Yesu yuleyule, katika Luka 14, anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiyeketi kwanza kuhesabu gharama, asije akaweka msingi kisha akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Anauliza kwa namna inayoonyesha kwamba jibu kila msikilizaji wake analijua.

Basi kinachokemewa ni nini? Soma kwa sauti mfano wa tajiri katika Luka 12, usikie unavyolia kwa Kiswahili: nitafanya hivi, nitazivunja ghala zangu, humo nitaweka nafaka yangu, kisha nitajiambia. Ni "nita" juu ya "nita", na kila kitu ni chake: ghala zangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Usiku uleule nafsi hiyo ikatakwa. Kujenga ghala si kosa. Yusufu aliweka akiba ya nafaka Misri kwa miaka saba na akaokoa watu wengi na njaa. Ila katika mipango yote ya tajiri huyu hamna Mungu wala jirani. Yakobo 4 inawasema wafanyabiashara wa namna hiyohiyo: wanajua mji watakaokwenda, muda watakaokaa, na faida wameshaihesabu. Yakobo hawaambii wavunje safari. Anawaambia waseme, "Bwana akipenda." Maneno haya tumeyazoea mno, hata mara nyingine tunayatumia kumkatalia mtu kwa adabu. Kwa Yakobo yalibeba uzito wote wa jambo, kwa kuwa uzima wetu ni mvuke tu.

Ukitaka kuona mambo haya mawili yakienda pamoja, msome Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi. Mwezi wa Kisleu akapata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketezwa. Akalia, akafunga, akaomba. Alizungumza na mfalme mwezi wa Nisani, yaani baada ya miezi kama minne. Sasa tazama maombi yake katika sura ya kwanza: mwishoni anamwomba Mungu amjalie rehema mbele ya "mtu huyu", na mtu huyo ni mfalme. Kumbe palepale magotini mpango ulikwisha kuanza kupata sura.

Siku ilipofika, mfalme akamuuliza anataka nini. Nehemia anasema alimwomba Mungu wa mbinguni, kisha akamjibu mfalme. Maombi yale yalichukua pumzi moja tu, lakini nyuma yake kulikuwa na miezi ya kuomba na kufikiri. Alipoulizwa atarudi lini, akataja muda. Akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, yaani Frati, na barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya malango. Jina la mtunza msitu alikuwa nalo! Alipofika Yerusalemu alitoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta na kuukagua kabla ya kumwambia mtu yeyote. Ukuta ukamalizika kwa siku 52, na hata adui zake wakatambua kwamba kazi ile ilifanywa kwa msaada wa Mungu.

Kwangu mimi somo hili lilichelewa. Mwaka mmoja niliandika kwenye daftari langu: "Kupandishwa cheo." Sikupandishwa, na kwa miezi mingi nikamnunia Mungu kana kwamba alivunja mkataba tuliotia saini wote wawili. Nilipolifungua daftari tena ndipo nilipoona kwamba jambo lile halikuwa mikononi mwangu. Lilikuwa uamuzi wa mtu mwingine. Nikalifuta. Nikaandika: kumaliza kila kazi ninayopewa kabla ya siku yake, na kujifunza ninachokosa. Wakolosai 3:23 inataka lolote tufanyalo tulifanye kwa moyo, kama kwa Bwana, na hilo naweza kujihoji kila Jumamosi jioni. Cheo nakiombea bado, lakini kimehamia kwenye ukurasa wa maombi.

Na Mungu akisema hapana? Daudi alitamani kumjengea Mungu nyumba, akakataliwa. Hata hivyo katika 1 Wafalme 8 Sulemani anasimulia kwamba Bwana alimwambia baba yake alifanya vema kuwa na nia hiyo moyoni. Daudi hakususa, alikusanya dhahabu, chuma na mierezi, akamkabidhi mwanawe ramani.

Paulo naye alikuwa na lengo lililo wazi kabisa. Katika Warumi 15 anaeleza njia yake: kwanza Yerusalemu kupeleka mchango, kisha Rumi, kisha Spania, na anatumaini Warumi watamsafirisha. Yerusalemu alikamatwa. Rumi alifika akiwa mfungwa, akakaa miaka miwili katika nyumba aliyoipanga, na kitabu cha Matendo kinaishia hapo bila kutaja Spania. Lakini ili Warumi wamjue na kumsaidia katika safari ile, alikuwa ameshawaandikia barua ndefu akiwaeleza Injili anayoihubiri, na barua hiyo ndiyo tunayoisoma hadi leo.